RAV4 iliyokuwa ikichemsha kwenye mlima wa Saranda

Gari lenyewe ni Toyota RAV4 ya mwaka 1998, milango mitano, injini ya petroli ya 3S-FE, lita mbili. Mwenyewe ni mwalimu wa kemia wa sekondari. Anaishi Dodoma mjini, anafundisha upande wa Bahi, na kila likizo anapanda kwenda kwao Manyoni. Alipolileta gereji kwetu Kizota maelezo yake yalikuwa mafupi: kwenye tambarare halina neno, lakini ukishavuka Kintinku na kuanza kuupanda mlima wa Saranda, mshale wa joto unakwenda juu na mvuke unatoka. Siku za karibuni hata mjini lilianza, mchana wa Oktoba, kwenye foleni, AC ikiwa imewashwa.

Alikuwa ameshapita gereji mbili. Ya kwanza walimtolea thamostati, ile valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta, wakamwambia sasa maji yatazunguka vizuri. Ya pili walimwambia gasketi ya silinda hedi imekufa, yaani kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini, injini ifunguliwe. Hapo ndipo alipoogopa, akaja kwetu kutafuta maoni mengine.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ugonjwa wa gari hili ndio ugonjwa wa magari mengi ya Dodoma, Manyoni na Singida, na tiba inayotolewa mitaani ni ileile: mimina kitu kikali kwenye rejeta, suuza, mteja aende. Gari linarudi baada ya miezi michache likiwa baya kuliko lilivyokuwa. Mimi nashikilia kwamba kutu na ukoko wa chokaa havijitokezei tu ndani ya injini. Vina mlango vinapoingilia, na usipoupata huo mlango na kuufunga, kusafisha ni kumla mteja hela.

Kabla ya kufungua nati yoyote

Tuliliacha lilale. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, na hilo silo jambo la kujadili; maji yaliyo kwenye mgandamizo hulipuka usoni mara tu yanapopata upenyo. Asubuhi injini ikiwa baridi tukafungua. Maji yalikuwa ya kahawia, mazito kidogo, na ukiyasugua kati ya vidole yanaacha unga mwekundu. Shingoni mwa rejeta, pale kifuniko kinapokalia, palikuwa na ukoko mweupe mgumu. Tuliukwangua kwa bisibisi ukatoka kwa vipande. Kwa hiyo mambo mawili yalikuwemo kwa pamoja, na lazima yatenganishwe kichwani kabla ya kushika dawa. Unga mwekundu ni kutu: bloku ya 3S-FE, yaani mwili wa injini, ni chuma cha kutupwa, na chuma kikikaa kwenye maji yenye hewa bila kinga kinalika. Ukoko mweupe ni chokaa iliyokuja na maji yenyewe.

Kisha gasketi, maana mtu ameshaambiwa injini ifunguliwe na hilo lilikuwa linamnyima usingizi. Oili ilikuwa safi, haina rangi ya maziwa. Tukajaza maji hadi shingoni, tukawasha injini ikiwa baridi na kumwomba Mwalimu akanyage mafuta kidogo kidogo: hakuna mapovu yaliyopanda mfululizo. Mwisho tukatumia kile kipimo cha dawa ya bluu, ambacho hewa ya juu ya maji ya rejeta hupitishwa ndani yake. Ikiwa kuna moshi wa injini unaopenya, dawa hugeuka kuwa ya njano. Ilibaki bluu. Gasketi ilikuwa nzima. Ningependa kila anayeambiwa afungue injini kwa sababu ya kuchemsha aombe kwanza kipimo hiki kifanyike mbele ya macho yake.

Baada ya hapo tukashika kifuniko. Hiki ndicho kipande cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huu, na ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Juu yake kimeandikwa 0.9, maana yake kinapaswa kuzuia mgandamizo wa takriban baa 0.9 kabla ya kuachia. Tulipokifunga kwenye pampu ya kupimia, kiliachia kwenye 0.3. Raba yake ilikuwa imepasuka na springi imeshikwa na kutu.

Kwa mtu wa Dar es Salaam kasoro hiyo ni mbaya. Kwa mtu wa Dodoma ni mbaya zaidi. Mji huu uko kwenye mwinuko wa mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na huku maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi, si 100. Kifuniko kizima cha 0.9 huinua kiwango hicho hadi karibu nyuzi 116. Kifuniko kinachoachia kwenye 0.3 kinakuacha na nyuzi 104 tu. Injini inayopanda mlima kwa gia ya pili, ikiwa na mizigo na abiria, juani, hufika huko kwa urahisi, hasa kwenye vijia vya ndani ya silinda hedi ambako joto liko juu kuliko kule sensa ya geji inakosoma.

Tulipima pia joto kwa kile kipimajoto cha mfano wa bastola. Angalizo kwa wanaokitumia: hakisomi sawasawa juu ya chuma kinachong'aa, kinaonyesha joto la chini kuliko lililopo. Bandika kipande cha solotepu nyeusi ya umeme kwanza, ulenge hapo. Injini ikiwa imepata moto na AC imewashwa, mpira wa juu wa rejeta ulisoma nyuzi 101. Tulipopitisha kipimo usoni mwa rejeta, sehemu ya juu ilikuwa na joto lake, lakini kona ya chini upande wa kushoto ilikuwa ya uvuguvugu tu. Maji hayapiti pale. Nyuma ya silinda hedi, upande ulio mbali na wota pampu, pakasoma nyuzi kumi na kitu zaidi ya mbele. Na hita, ambayo watu wengi wa Dodoma huigusa Juni na Julai tu, ilipuliza hewa ya uvuguvugu wakati injini inakaribia kuchemsha. Hita baridi kwenye injini ya moto ni dalili nzuri ya mfumo ulioziba.

"Unaongeza maji gani, Mwalimu?"

Hili swali naliuliza kila gari linapokuja na kesi ya joto, na jibu lake lina thamani kuliko vipimo vingi.

"Ya bomba, Fundi. Nikiwa shuleni nachukua ya kisima."

"Kila lini?"

"Kila Jumamosi nikiosha gari. Kama lita moja hivi. Si kila gari linakunywa maji?"

Hapana. Gari zima halinywi maji. Mfumo wa kupozea umefungwa. Maji yakipanuka yanaenda kwenye kopo la akiba, yakipoa yanarudi. Gari linaloongezwa lita kila wiki linavuja mahali au linapumua mvuke kupitia kifuniko, na hili lilikuwa linafanya hayo ya pili.

Sasa tazama kinachotokea. Maji mengi ya mji wa Dodoma hutoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, pale Mzakwe, na visima vya vijijini kuelekea Bahi na Manyoni ni vya aina hiyohiyo au vya chumvi zaidi. Ni maji magumu. Sabuni haitoi povu, na mwenye birika la umeme anaujua ule ukoko unaoshika chini. Ndani yake mna bikabonati ya kalsiamu iliyoyeyuka. Maji yakipata moto, bikabonati huvunjika, hewa ya ukaa inaondoka, na kabonati ya kalsiamu, yaani chokaa, inaganda palipo na moto zaidi. Mwalimu alinikatiza hapa akamalizia mwenyewe. Ugumu wa muda wa maji ni mada anayofundisha Kidato cha Tatu kila mwaka. Hakuwahi kuifikiria ikiwa chini ya boneti lake.

Mvuke unaotoka kwenye kifuniko kibovu ni maji matupu. Chokaa haipandi na mvuke, inabaki. Kwa hiyo kila lita inayoongezwa inaleta madini mapya juu ya yale ya zamani. Tuseme maji hayo yana miligramu 400 za chokaa kwa lita, kiwango ambacho kwa maji magumu si cha kushangaza. Lita moja kwa wiki kwa miaka miwili ni lita mia moja na zaidi, sawa na gramu 40 za chokaa. Gramu 40 zinaonekana kidogo zikiwa mkononi. Zikitandazwa kwenye kuta za vijia vya silinda hedi na bomba nyembamba za rejeta ni balaa, kwa sababu chokaa hupitisha joto kwa uduni mno, zaidi ya mara ishirini chini ya chuma cha kutupwa, na ukilinganisha na aluminiamu tofauti ni kubwa zaidi. Moto unabaki ndani ya chuma, maji yanachemka pembeni yake, mvuke unaongezeka, kifuniko kinaachia mapema zaidi, Mwalimu anaongeza maji zaidi. Huo ndio mduara. Kifuniko kibovu ndicho kilichouanzisha.

Kutu nayo imo kwenye mduara huohuo. Maji mapya huja na hewa iliyoyeyuka ndani yake, na hewa ndiyo chakula cha kutu. Kulanti, ile dawa ya rejeta ya kuzuia kutu, aliyowahi kuweka ilikuwa imeshazimuliwa na maji ya kila Jumamosi hadi haina kinga yoyote iliyobaki.

Na thamostati? Kuitoa ni tabia iliyokita mizizi kwenye gereji zetu na naipinga kwa nguvu zote. Injini nyingi za Toyota za rika hili zina thamostati yenye sahani ya pili, ambayo kazi yake ni kufunga njia ya mkato pale injini inapopata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Asubuhi injini inachelewa kupata moto wake, inakula mafuta. Mlimani inakosa maji ya kutosha kwenye rejeta. Mteja anapata hasara pande zote mbili.

Dawa gani, na zipi hazigusi gari langu

Kuna watu hutumia kostiki soda. Kwenye aluminiamu ni sumu kabisa: inayeyusha silinda hedi na rejeta huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Kuna wanaotumia asidi ya betri au ile asidi kali ya kuoshea vyoo. Zinaondoa ukoko kwa haraka kweli, na zinaendelea na chuma chenyewe ukoko ukiisha. Siki ya dukani ni salama zaidi lakini ni dhaifu. Utahitaji ujaze mfumo mzima nayo na usubiri sana.

Mimi natumia asidi sitriki, ile ya chenga nyeupe inayouzwa kwenye maduka ya malighafi za sabuni na juisi. Inakula chokaa vizuri, inakula kutu taratibu, na haina ukali wa kuharibu aluminiamu ikiwa haikawii mle ndani. Kwa hesabu ya kemia, kuyeyusha gramu 100 za chokaa unahitaji gramu 128 za asidi sitriki. Kwa gramu 40 zetu zingetosha gramu 51. Lakini kutu nayo inaila asidi, na chumvi inayozalishwa haiyeyuki kirahisi, hasa kwenye maji ya moto; asidi ikiwa chache inaganda tena kama unga mweupe. Ndiyo maana naweka ya ziada: gramu 50 kwa kila lita. Mfumo wa gari hili unachukua kama lita nane, kwa hiyo gramu 400.

Tahadhari kwa wenye magari ya zamani yenye rejeta za shaba: viungo vyake vimechomelewa kwa risasi na bati, na asidi hushambulia viungo hivyo. Huko weka nusu ya kipimo na usizidishe nusu saa.

Kazi yenyewe

Tulianza na matope, maana asidi haiwezi kula kitu kilichorundikana. Watu wengi hufungua koki ya chini ya rejeta, maji yakikatika wanasema mfumo umekauka. Si kweli. Sehemu kubwa ya maji hubaki kwenye bloku, na ndiko kutu iliko. Bloku ya 3S-FE ina koki yake ubavuni. Tuliifungua na hakikutoka hata tone. Tope lilikuwa limeziba kabisa. Tukaingiza waya wa kufungia, tukachokoa kwa upole, tukasikia unaingia kwenye kitu laini, kisha likatoka donge jeusi-jekundu na nyuma yake maji yenye rangi ya udongo wa Dodoma. Tuliendelea kuchokoa na kusuuza hadi mtiririko ukawa wa unene wa kidole.

Halafu maji ya presha ya kawaida ya mpira, kinyume na mwelekeo yanaozunguka siku zote: kwenye rejeta kutoka chini kwenda juu, kwenye bloku kutoka juu, koki ikiwa wazi. Hita tuliisuuza peke yake kwa kufungua mipira yake miwili, taratibu, maana ni laini na presha kubwa huipasua. Hapo ndipo palipotoka magamba mengi kuliko nilivyotarajia, mengine makubwa kama kucha.

Kabla ya kurudisha maji tulihakikisha injini ni baridi. Maji baridi kwenye silinda hedi ya moto huipinda, na hapo sasa ndipo utakapoitafuta gasketi kweli.

Asidi tuliiyeyusha pembeni kwenye ndoo ya plastiki, glovu mkononi, miwani usoni, tukaimimina taratibu. Hapa pana jambo ambalo maelekezo mengi huliruka: chokaa ikikutana na asidi hutoa hewa ya ukaa, mfumo unafura. Ukijaza na kufunga kifuniko papo hapo unajitengenezea bomu dogo. Tulikiacha wazi, injini ikiunguruma kwa silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, povu likapanda na kushuka shingoni kwa muda, na lilipotulia ndipo tukafunga, bila kukikaza hadi mwisho.

Kwa kuwa thamostati haikuwemo, injini ilikuwa haipati moto wa kutosha. Tukaweka boksi mbele ya rejeta kuzuia upepo, mmoja wetu akasimama na kipimajoto, tukaishikilia kati ya nyuzi 80 na 90 kwa dakika 40 hivi, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho ili nayo ipate dawa. Tukazima, tukasubiri ipoe hadi iweze kushikika, tukamwaga kabla haijawa baridi kabisa.

Kilichotoka kilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia kuelekea njano, kizito. Mwalimu akachukua ganda la yai kutoka kwa mama ntilie jirani, akalitia kwenye kopo la maji hayo. Halikutoa povu la maana. Asidi yote ilikuwa imeliwa, kwa hiyo ndani bado kulikuwa na ukoko. Kipimo kizuri, cha bure, na tangu siku ile nakitumia. Tukasuuza, tukarudia kwa gramu 30 kwa lita, na safari hii ganda lilifura vizuri hata baada ya kumwaga: asidi imebaki, ukoko umekwisha.

Kusuuza ndiyo sehemu inayochosha, na ndiyo fundi mwenye haraka anayoikata. Asidi inayobaki mle ndani hula aluminiamu usiku na mchana na huua kinga ya kulanti mpya. Tulisuuza kwa maji safi hadi yanayotoka yawe sawa na yanayoingia, kisha tukapitisha maji yenye vijiko viwili vya bikabonati ya maandazi kuua mabaki ya asidi, kisha maji matupu tena. Koki ya bloku ilifunguliwa kila mara.

Kona ambayo haikufunguka

Tulipopima tena, nyuma ya silinda hedi palikuwa karibu sawa na mbele. Hita ikachoma mkono. Lakini ile kona ya chini ya rejeta ilibaki ya uvuguvugu, asidi haikuifanya kitu. Tukaitoa rejeta, tukaipeleka kwa mzee mmoja fundi rejeta wa siku nyingi. Akaifungua meno ya aluminiamu yanayobana kichwa cha plastiki, akachungulia, akanionyesha. Bomba za kona ile zilikuwa zimejaa madonge ya gundi ya kuzibia matundu, yamechanganyika na kitu cha njano kilichokuwa wazi ni bizari, ambayo watu hutia kuziba uvujaji.

"Shikamoo zako nimeitikia, lakini hii siwezi kukudanganya," aliniambia. "Gundi haijui asidi, mwanangu. Zile za shaba tulikuwa tunapitisha ubapa wa chuma ndani tunakwangua. Hii ukipitisha unaitoboa."

Rejeta ikabadilishwa. Mwalimu hakupenda gharama hiyo, na namwelewa, ila alikumbuka aliyemuuzia gari alisema liliwahi "kuvuja kidogo likapona". Gundi na bizari hukufikisha nyumbani ukikwama porini usiku. Mtu akishafika inapaswa kusafishwa na tundu lizibwe kihalali, kabla haijakauka na kuwa saruji.

Kinachorudishwa ndani

Thamostati mpya ya nyuzi 82 tuliijaribu kwenye sufuria ya maji jikoni kabla ya kuifunga, tukiwa na kipimajoto. Ilianza kufunguka karibu na 82 na ilikuwa wazi kabisa kwenye 95, nyuzi moja tu kabla ya maji ya Dodoma kuanza kuchemka. Tuliifunga kile kipini kidogo cha kutolea hewa kikiwa juu. Kifuniko kipya cha 0.9, kilichopimwa kwenye pampu, maana vipya vibovu navyo vipo madukani.

Kuhusu maji: kulanti nyingi za Kijapani hutumia fosfeti kulinda chuma. Fosfeti ikikutana na kalsiamu ya maji magumu inaganda, na unapata ukoko mwingine kutokana na dawa uliyonunua kwa nia njema. Ndiyo sababu sikubali kulanti nzito izimuliwe kwa maji ya bomba la Dodoma wala ya kisima. Tulitumia maji ya mvua ya simtanki la Mwalimu mwenyewe, yaliyochujwa kwa kitambaa, nusu kwa nusu na kulanti. Asiye nayo anunue kulanti iliyochanganywa tayari, au yale maji safi ya kuongezea betri. Awe makini hapo: dukani "maji ya betri" ni jina la vitu viwili, na kimoja ni asidi kali ya salfa.

Maji ya mvua peke yake, bila kulanti, nayo hayafai. Hayana chokaa lakini yana hewa, na bloku ya chuma itaota kutu upya. Wanaosema Dodoma hakuna barafu kwa hiyo kulanti haina kazi wanasahau kwamba kinga ya kutu ndiyo tunayoihitaji zaidi huku, pamoja na zile nyuzi chache inazoongeza kwenye kiwango cha kuchemka. Na rangi pekee si kulanti. Kuna chupa za kijani zinazouzwa kwa bei ya soda ambazo zimebeba rangi na maji.

Tulijaza pua ya gari ikiwa imeinuliwa, hita wazi, tukiminya mipira kwa mkono hadi hewa ikaisha. Ile kulanti ya zamani na maji ya asidi tuliyakusanya kwenye madumu. Kulanti ni tamu na ni sumu. Kuku, mbwa na watoto huionja ikiachwa kwenye kidimbwi.

Baada ya hapo

Tulikwenda nalo Manyoni na kurudi, mchana, AC ikiwa imewashwa, watu wanne ndani. Juu ya Saranda tulisimama pembeni injini ikiunguruma tukapima: mpira wa juu nyuzi 90, wa chini 79, uso wa rejeta una joto lililoshuka sawasawa kutoka juu hadi chini. Mshale haukutikisika, ingawa mshale wa Toyota siuamini sana. Unakaa katikati kwa muda mrefu na ukianza kupanda umeshachelewa.

Wiki chache baadaye Mwalimu alirudi na tone moja la kulanti chini ya gari. Lilikuwa linatoka kwenye tundu dogo la wota pampu, lile linaloonyesha kwamba sili ya ndani imechoka. Hutokea baada ya kusafisha: ukoko ulikuwa umeziba palipokwisha kuchakaa, sasa umeondoka. Kwenye 3S-FE wota pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo ukishafika pale umeshafungua kila kitu. Tulibadilisha pampu, mkanda na tenshona inayoukaza kwa pamoja, tukajaza mchanganyiko uleule wa maji ya mvua, na Mwalimu akaandika kwa kalamu ya maka kwenye kopo la akiba mstari wa pale maji yanapofika injini ikiwa baridi. Akiona yameshuka chini ya mstari, anakuja gereji kabla ya kutafuta dumu.